Astute, Nyambizi Iliyoundwa Ili Isisikike

Astute ni nyambizi ya mashambulizi ya Uingereza inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Ilijengwa Barrow-in-Furness, kaskazini-magharibi mwa England, ikashushwa majini mwaka 2007 na kuingia rasmi katika jeshi la wanamaji mwaka 2010. Ina urefu wa mita 97 na uzito wa tani zipatazo 7,400. Kazi yake ni kuwinda meli na nyambizi za adui, kupeleleza, na kupiga shabaha za nchi kavu. Haibebi makombora ya nyuklia, ingawa wengi hudhani inayabeba. Nyuklia iliyomo ni ya kuiendesha tu.

Ndani ya kinu chake, atomi za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu hupasuka na kutoa joto. Joto hilo hubebwa na maji yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa hata hayachemki, yanayopita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji mengine. Hayo ya pili ndiyo yanayogeuka mvuke wa kuzungusha turbini za mwendo na za umeme. Mizunguko hiyo miwili haichanganyiki, na hivyo mvuke unaofika kwenye turbini hauna mionzi.

Faida kubwa ni kwamba hakuna kinachoungua, kwa hiyo kinu hakihitaji hewa. Nyambizi ya kawaida ya dizeli hulazimika kusogea karibu na uso wa bahari kuvuta hewa ili ichaji betri, na hapo ndipo hunaswa. Astute haina shida hiyo. Urani iliyowekwa wakati wa ujenzi imekusudiwa kutosha miaka 25, yaani maisha yote ya chombo. Umeme wake hutenganisha maji kuwa hidrojeni, inayotupwa baharini, na oksijeni ya kupumua. Mitambo mingine hunasa hewa ya ukaa, mingine huondoa chumvi kwenye maji ya kunywa. Kinachoamua lini safari iishe ni chakula, ambacho kwa mabaharia 98 hutosha miezi mitatu hivi.

Lakini kinu kina gharama yake: kelele. Nyambizi ya dizeli inayotumia betri huweza kuzima karibu kila kitu ikatulia, ilhali kinu lazima kipozwe saa zote, nazo turbini na gia huunguruma. Majini hilo ni jambo zito. Mwanga na mawimbi ya redio hufifia upesi, lakini sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde na kufika mbali sana. Anayesikia kwanza ndiye mwindaji.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya usanifu wa Astute ni kupambana na sauti yake yenyewe. Mitambo imekalishwa juu ya majukwaa yenye vizuizi vya mtetemo ili mngurumo usifike kwenye mwili wa chombo. Nje umebandikwa vigae zaidi ya 39,000 vya mpira maalumu vinavyomeza mawimbi ya sona ya adui, yaani milio inayotumwa majini kutafuta nyambizi. Hata rafadha imefichwa. Panga za rafadha zikizunguka kwa kasi, shinikizo la maji hushuka kwenye nyuso zao, mapovu hujitokeza, kisha hupasuka kwa mshindo unaosikika mbali. Astute imezifunika panga zake ndani ya bomba pana, na mapovu hayo hayaanzi upesi.

Kwa upande wa kusikiliza, ina vihisio puani, ubavuni na kwenye kebo ndefu inayokokotwa nyuma. Mara nyingi sona husikiliza tu, kwa sababu anayetoa mlio hujitangaza. Periskopu ya zamani haipo: mlingoti wenye kamera huchomoza kwa sekunde chache, ukazunguka na kuzama, kisha picha hutazamwa kwenye skrini kwa utulivu.

Silaha 38 hufyatuliwa kupitia mirija sita: topido za Spearfish, zinazoongozwa kwa waya mwembamba unaojikunjua nyuma yake, na makombora ya Tomahawk yanayofika kilomita 1,600 hivi.

Uwezo wa aina hii ya chombo ulionekana tarehe 2 Mei 1982, katika vita vya Falkland. Nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, Conqueror, iliizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, kwa topido za muundo wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Watu 323 walikufa. Baada ya hapo meli kubwa za Argentina zilirudi karibu na pwani yao zikabaki huko hadi vita vilipokwisha. Kijeshi, hofu ya nyambizi ilikuwa na thamani kuliko topido zenyewe.

Kuiondoa nyambizi ya nyuklia kazini ni kazi ngumu, maana chuma cha sehemu ya kinu hubaki na mionzi kwa miongo mingi. Dreadnought, nyambizi ya nyuklia ya kwanza ya Uingereza, ilistaafu mwaka 1980 ikahifadhiwa Rosyth, Scotland, pamoja na nyingine. Katika nyambizi zote za nyuklia za Uingereza zilizostaafu, Swiftsure ndiyo iliyochaguliwa iwe ya kwanza kukatwa hadi mwisho.