Dastari ya Masingasinga: Jinsi Inavyokunjwa na Kufungwa (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi Guru Gobind Singh alivyoasisi Khalsa, yaani jumuiya ya Masingasinga waliokula kiapo cha dini yao, mjini Anandpur mwaka 1699, na jinsi nywele zisizokatwa, ziitwazo kesh, zilivyowekwa kuwa mojawapo ya alama tano za waumini hao. Dastari, ambayo ndiyo kilemba cha Singasinga, kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa alama hizo, lakini ndiyo inayozistiri na kuzihifadhi nywele, na kwa hiyo adabu za kuifunga huanzia kwenye nywele kabla ya kufika kwenye kitambaa.

Nywele huchanwa kwa kangha, kichana kidogo cha mti ambacho nacho ni alama mojawapo kati ya zile tano, zikasokotwa na kufanywa fundo utosini, na kangha yenyewe ikachomekwa humo. Juu yake hufungwa kitambaa chembamba ili fundo lisilegee, na katika mitindo mingi sehemu ndogo ya kitambaa hicho huachwa ionekane kwenye paji la uso, mara nyingi ikiwa na rangi tofauti na ya kilemba.

Kilemba chenyewe huwa ni melimeli ya pamba yenye urefu wa mita 5 au 6 na upana wa karibu mita 1, na wapo wanaounganisha vipande viwili pindo kwa pindo ili kupata upana maradufu. Kazi ya kukikunja huitwa puni, nayo huhitaji watu wawili wanaosimama wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha zake, wakakivuta kwa mshazari mpaka makunyanzi yote yatoke, kisha wakakikunja kwa urefu mara mbili hata upana ukabaki robo tu. Asiye na msaidizi hufunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Kazi hii haifai kuharakishwa, kwa kuwa kitambaa kilichokunjwa vibaya hakinyooshwi tena kikishafika kichwani.

Mvaaji husimama mbele ya kioo akauma ncha moja kwa meno, na ncha hiyo haiachiwi mpaka mwisho, kwani ndiyo inayokishikilia kitambaa kisiteleze. Mzunguko wa kwanza hupita juu ya sikio, ukapanda kwa mshazari kwenye paji la uso na kuzunguka kisogoni, na wa pili ukapita upande wa pili, hata ikakutana juu ya nyusi na kufanya pembe. Kila mzunguko, uitwao lar kwa Kipunjabi, husogezwa kidogo kutoka ule uliotangulia, ili tabaka zote zionekane zimepangana. Mkono mmoja hukaza kisogoni huku mwingine ukilainisha mbele. Mizunguko ikishatimia, tabaka la mwisho hutandazwa juu ya utosi hata nywele zisionekane kabisa, ncha iliyobaki ikachomekwa nyuma, na hapo ndipo ile iliyoumwa huachiwa na kufichwa. Nywele zilizochomoza huingizwa ndani kwa salai, sindano ndefu ya chuma ambayo pia hunyoosha mikunjo.

Maandishi ya maadili yanayonasibishwa na Bhai Nand Lal, mshairi wa baraza la Guru Gobind Singh, yanaagiza nywele zichanwe mara mbili kwa siku na kilemba kifungwe upya, tabaka kwa tabaka. Kwa sababu hiyo kilemba kilichoshonwa tayari, kikavaliwa na kuvuliwa kama kofia, hakitimizi sharti hata kikipendeza namna gani, na adabu hudai dastari ifunguliwe kama ilivyofungwa.

Mtindo uliokomaa Afrika Mashariki unastahili kutajwa peke yake. Masingasinga walikuwa miongoni mwa mafundi na vibarua walioletwa katika miaka ya 1890 kujenga reli kutoka Mombasa, na jamii yao ilizoea kukitia kitambaa wanga na kukaza mikunjo hata kilemba kikasimama imara, kingo zake zikiwa kali. Wengi wao walipohamia Uingereza katika miaka ya 1960 walikwenda nao, na huko unaitwa mpaka leo kilemba cha Kenya. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alijulikana kwa kilemba chake kama alivyojulikana kwa usukani.

Wanamdhari, ambao ni dhehebu mojawapo la Masingasinga, huvaa kilemba cheupe kinachopita paji la uso moja kwa moja bila pembe, na watoto hufungwa patka, kitambaa kidogo kinachofunika fundo la nywele. Wanawake wameachiwa hiari na mwongozo wa maadili uliopitishwa mwaka 1945. Dumala, kilemba cha mviringo cha wapiganaji wa Nihang, hutumia vitambaa viwili na hufungwa kwa kanuni zake, ambazo zitaelezwa katika sehemu ijayo.