Uyoga wa Porini: Sumu Isiyojitangaza

Mvua za mwanzo zinapokwisha kuilainisha ardhi ya misitu ya miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Rukwa na Iringa, pembezoni mwa barabara huonekana akina mama na watoto wakiwa na ndoo, mabeseni na vikapu vya uyoga. Huo ni msimu unaotangulia mavuno, wakati ghala za nyumba nyingi zimekaribia kuwa tupu. Uyoga basi huwa kitoweo cha siku hiyo, huwa akiba ukikaushwa juani, na huwa fedha ya kununulia chumvi na madaftari. Makala hii haikusudii kumtisha mtu aache chakula alichorithi kwa wazee wake. Inakusudia kueleza jambo moja ambalo likieleweka huokoa maisha: sumu kali zaidi ya uyoga haijitangazi. Haijitangazi kikapuni, wala chunguni, wala mdomoni, wala katika saa za mwanzo baada ya mlo; na hata ikishajitokeza, hujificha tena.

Kipimo kisichokuwapo

Takriban kila jamii inayokula uyoga ina kanuni zake za kutenganisha mwema na mbaya. Husemwa kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama. Kwamba wenye sumu huwa na rangi kali au ladha chungu. Kwamba ukipikwa pamoja na kitunguu saumu, mchele au kijiko cha fedha, chochote kati ya hivyo kitabadilika rangi endapo sumu ipo. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizi iliyo ya kweli. Konokono hula bila madhara uyoga unaoweza kumuua binadamu, kwa kuwa mwili wake haufanani na wetu. Uyoga unaoongoza kwa vifo duniani, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Amanita phalloides, una rangi ya upole ya kijani iliyochanganyika na manjano, na mara nyingine ni mweupe kabisa. Waliookoka baada ya kuula wamesimulia kwamba ladha yake ilikuwa nzuri.

Kanuni iliyo hatari kuliko zote ni ile inayodai kwamba moto humaliza kila sumu. Kanuni hii ina mizizi katika ukweli nusu: ziko aina za uyoga wa miombo ambazo huchemshwa, maji yake yakamwagwa, ndipo zikaungwa, na kwa aina hizo utaratibu huo hufaa. Lakini amanitini, sumu iliyomo katika Amanita phalloides, haiharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha katika jokofu. Anayeukausha uyoga huo na kuuhifadhi anaihifadhi sumu pamoja nao.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "uyoga wenye sumu unafananaje?", maana sumu haina sura moja. Swali ni "uyoga huu ni upi?" Mtu anapaswa kuutambua uyoga kwa aina yake, kama anavyomtambua jirani yake, kwa alama nyingi zikiwa pamoja.

Alama za kutazama

Uyoga mwingi unaoliwa una kofia na shina. Chini ya kofia mara nyingi pana vipande vyembamba vilivyopangika kama kurasa za kitabu; hapa tutaviita kurasa. Juu ya kurasa hizo huzaliwa spora, yaani chembe za uzazi, na rangi ya spora ni alama muhimu. Ili kuiona, kofia hulazwa juu ya karatasi, kurasa zikielekea chini, kwa usiku mmoja. Asubuhi vumbi la spora huwa limeacha chapa yake. Alama nyingine ni pete inayozunguka shina, na mfuko mfano wa kikombe ulioko kwenye kitako cha shina. Mfuko huo mara nyingi hufukiwa na udongo au majani makavu, hivyo anayeuvunja uyoga juu kwa juu huiacha ardhini alama aliyoihitaji kuliko zote. Uyoga usioujua vyema huchimbuliwa, hauchunwi.

Mifano miwili itaonyesha faida ya kutazama alama zote. Uyoga wa vichuguu, unaolimwa na mchwa ndani ya makao yao na kuchomoza juu wakati wa mvua, una shina linaloendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu hadi kwenye bustani ya mchwa, na spora zake zina rangi ya waridi iliyofifia. Katika nyasi za viwanja na bustani za mijini huota uyoga mwingine mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, uitwao Chlorophyllum molybdites. Kwa mtu mwenye haraka wawili hawa wanafanana. Wa pili hauna mzizi huo mrefu, una pete, na spora zake ni za kijani. Lakini ungali mchanga kurasa zake ni nyeupe na humhadaa hata mzoefu. Aulaye hushikwa na kutapika na kuhara vibaya, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Uko uyoga wa kuliwa unaopenda mabaki ya mkonge na majani makavu ya mpunga, uitwao Volvariella volvacea. Una mfuko kwenye kitako, kama Amanita phalloides. Tofauti ni kwamba hauna pete, na spora zake ni za waridi, ilhali Amanita phalloides una pete na spora nyeupe. Hata hivyo, aina zote mbili zikiwa bado changa, zimefungwa ndani ya mfuko kama yai, tofauti hizo hazionekani. Ndiyo sababu uyoga wa porini ulio katika hali ya yai haufai kuchumwa na asiye na hakika kamili.

Ujuzi ulio na mipaka yake

Je, basi tuukatae uyoga wowote wenye mfuko? Katika nchi nyingi za Ulaya hilo lingekuwa shauri jema. Katika miombo mambo ni tofauti. Wakazi wa misitu hii hula aina kadhaa za jamii hiyohiyo ya Amanita, na wamezila kwa vizazi vingi. Mmoja wao, Amanita tanzanica, umepewa jina la nchi yetu. Watafiti Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Dar es Salaam, ambao kitabu chao juu ya uyoga wa Tanzania kilichapishwa mwaka 2003, walijifunza mengi kutoka kwa wanavijiji wenyewe. Bibi anayemwonyesha mjukuu wake mahali pa kuchimbua na mahali pa kupita ni mwalimu wa kweli.

Lakini ujuzi huo una mipaka ya mahali. Ni ujuzi wa msitu fulani, miti fulani na msimu fulani. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti ya msitu huo, na mti ukibadilika, uyoga nao hubadilika. Misonobari ilipoletwa Afrika kwa ajili ya mbao, ilikuja na kuvu zake katika udongo wa miche. Ndivyo Amanita phalloides, wenyeji wa Ulaya, ulivyofika kusini mwa bara letu; umewahi kuonekana chini ya misonobari hapa Tanzania, na nchini Afrika Kusini chini ya mialoni pia. Katika mashamba ya misonobari uyoga huota pasipo jina katika lugha za wazee, kwa sababu wazee hawakuwahi kuukuta. Mtu aliyelelewa katika miombo akiuona uyoga mweupe wenye pete na mfuko chini ya msonobari, kumbukumbu yake itamwambia kwamba ni chakula.

Jambo hili limewapata wengine pia. Mwaka 2015, wakimbizi waliofika Ujerumani, wengi wao kutoka Syria, waliugua baada ya kula Amanita phalloides waliodhani ni uyoga wa kwao, na baadhi walifariki. Chuo cha tiba cha mjini Hannover kililazimika kutoa bango la tahadhari katika lugha mbalimbali. Hawakuwa watu wajinga. Walichukua ujuzi sahihi wakautumia mahali usipohusika. Nasi tunaohama kutoka mkoa hadi mkoa, au kutoka kijijini kwenda mjini, tunabeba hatari hiyohiyo.

Saa za ukimya

Tuchukue mfano wa familia iliyokula uyoga wenye amanitini saa 1 jioni. Wote wanalala salama. Saa 9 usiku, yaani saa 8 baada ya mlo, wanaanza kutapika, tumbo linasokota na kuhara kama maji kunafuata. Mawazo yao yanakwenda kwenye maji machafu au kipindupindu, kwa kuwa chakula cha jioni kimeshasahaulika. Baada ya siku moja hivi kutapika kunapungua, mgonjwa anaomba uji, na ndugu wanashukuru. Unafuu huo ni wa uongo. Wakati huo ini linaharibika kimyakimya. Kati ya siku ya 2 na ya 4 macho yanageuka manjano, damu inashindwa kuganda, figo zinadhoofika, na mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kupoteza fahamu na kufariki.

Sababu ya ukawiaji huo imo katika namna sumu inavyotenda. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachonakili maelekezo yaliyomo katika vinasaba ili protini zitengenezwe. Amanitini hukifunga kimeng'enya hicho. Seli haifi papo hapo. Huendelea kutumia protini ilizonazo hadi zinapokwisha, mfano wa nyumba iliyofungiwa soko ikawa inakula akiba. Ini huumia zaidi kwa kuwa ndilo linaloipokea sumu kutoka utumbuni. Sehemu yake huirudisha utumbuni kupitia nyongo, nayo hufyonzwa tena na kurudi inini. Kiasi kinachoweza kuua hukadiriwa kuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo moja ya uzito wa mtu. Uyoga mmoja uliokomaa unaweza kumtosha mtu mzima, na mtoto huhitaji kidogo zaidi.

Hapo ndipo muda unapokuwa kipimo cha maana. Dalili zikianza saa 6 au zaidi baada ya kula uyoga wa porini, zichukuliwe kuwa za sumu ya ini hadi ithibitike vinginevyo. Kinyume chake hakitoi hakikisho: kikapu kimoja huweza kuwa na aina kadhaa, na ile inayotapisha mapema ikaifunika inayoua baadaye.

Yanayopaswa kufanywa

Kila aliyekula mlo uleule afike kituo cha afya, hata asiyejisikia vibaya. Wachukue mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, yafungwe katika karatasi au bahasha badala ya mfuko wa plastiki unaoyaozesha. Wataje saa waliyokula na saa dalili zilipoanza. Maziwa, mafuta ya kula, chumvi na mkaa wa jikoni haviondoi sumu hii, na hupoteza muda.

Kwa mhudumu wa afya, swali "mlikula nini jana?" lisikose kuulizwa kwa mgonjwa wa kuhara katika msimu wa uyoga. Hakuna dawa moja inayoifuta amanitini. Tiba ni maji na chumvichumvi kwa njia ya mishipa, mkaa maalumu wa hospitali unaonasa sumu utumbuni, na dawa kama silibinini, asetilisisteini au penisilini kwa kiwango kikubwa, pamoja na kufuatilia vipimo vya ini, sukari na kuganda kwa damu. Ini likishindwa kabisa, mahali penye huduma hiyo hupandikizwa jingine. Kwa sababu hiyo rufaa inapaswa kufanywa mapema, na mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa kuwa tu ameacha kutapika.

Kwa mchumaji, kanuni ni chache. Chuma aina unazozijua kwa jina na kwa alama zake zote, mahali ulipofundishwa kuzichuma. Usichanganye usizozijua kikapuni. Usiwaachie watoto kazi ya kuchagua peke yao. Chini ya misonobari na miti mingine ya kigeni, usiitumie kumbukumbu ya miombo. Anayependa uyoga lakini hana mwalimu, anao uyoga wa kupandwa kama mamama, unaostawi ndani ya nyumba kwa gharama ndogo.

Na palipo na shaka, uyoga ubaki pale ulipoota. Mlo uliokosekana hufidiwa kesho, lakini ini lililokufa haliwezi kufidiwa na mlo wowote.