Kusoma Uchina: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Kijana wa Msambweni, Pwani ya Kenya, akipata nafasi ya chuo Uchina, kila jirani huwa na la kumwambia. Husemwa kwa mapenzi. Lakini mara nyingi tunamtisha kwa yasiyotisha na kuyanyamazia yatakayomkwamisha wiki ya kwanza.

"Mwislamu atalala njaa." Si kweli. Uchina ina Waislamu kwa mamilioni, na historia ya msikiti wa Niujie, Beijing, huhesabiwa tangu mwaka 996. Vyuo vingi vina kantini ya chakula cha halali. Nje ya chuo, tafuta mkahawa wa tambi za Lanzhou. Mpishi hushika donge la unga kwa mikono miwili, hulivuta, hulikunja, hulivuta tena mpaka linakuwa nyuzi nyembamba, kisha nyuzi hizo huingia kwenye maji yanayochemka na kumiminiwa supu ya ng'ombe. Alama ya kutazama mlangoni ni 清真. Ihifadhi kwenye simu kabla hujaondoka Ukunda. Wali wa nazi itabidi upike mwenyewe, tena kwenye jiko la pamoja, kwani mabweni mengi hayaruhusu kupika chumbani.

"Ukiwa na viza, makaratasi yamekwisha." Uongo, na huu ndio ninaouogopa kuliko yote. Anayekwenda kusoma zaidi ya siku 180 hupewa viza ya X1, na viza hiyo humfikisha tu. Ndani ya saa 24 za kufika lazima makazi yako yaandikishwe polisi. Ukilala bwenini, chuo mara nyingi hukusaidia; ukifikia kwa rafiki, ni juu yenu wawili. Ndani ya siku 30 lazima uombe kibali cha ukaaji, na usitoke nchini kabla hujakipata. Barua ya chuo, fomu ya JW ya kuombea viza ya masomo na fomu ya daktari, zote nakala halisi, zikae kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likichelewa uwanjani, utavumilia. Karatasi hizo hazina mbadala.

"Ufadhili unalipia kila kitu." Nusu kweli. Ufadhili kamili wa serikali ya Uchina hulipa karo na malazi, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupata yuani 2,500 kwa mwezi. Ila pesa hizo hazikungoji uwanjani: kwanza usajiliwe chuoni, ufungue akaunti ya benki. Familia ikikuchangia, ikuchangie ya mwezi huo wa kwanza. Lipa na M-Pesa haitambuliwi dukani huko; watu hulipa kwa Alipay na WeChat, ambazo sasa hukubali kadi ya Visa ya benki ya kwetu.

"Koti zito ni la wanaokwenda kaskazini." Si kweli. Harbin hushuka chini ya nyuzi 20 za baridi, lakini majengo yake yana mfumo wa kupasha joto. Nanjing na Wuhan, kusini ya mto Huai, nyumba nyingi hazina mfumo huo, na baridi hukufuata mpaka kitandani. Muhula huanza Septemba kukiwa na joto bado, ndipo wengi wanapodanganyika.

"Hakuna mtu wa Pwani aliyewahi kwenda huko." Wapo. Mwaka 2005 Mwamaka Sharifu wa Lamu alipata ufadhili wa kusomea tiba ya Kichina, akaenda Nanjing.

"WhatsApp haifanyi kazi." Kweli, imefungwa, pamoja na Google na Facebook. Mama na afungue WeChat kabla ya safari, maana wakati mwingine hudai mtumiaji wa zamani amthibitishe mtumiaji mpya. Halafu akumbuke saa tano za tofauti: simu ya baada ya isha Msambweni humwamsha mtoto saa saba usiku. Saa nane mchana huku, kwake ni saa moja jioni, na hapo wataongea kwa nafasi.