Shawa ya Umeme Kwenye Baridi ya Mbulu na Hanang

Julai ikifika, maji ya bomba ya alfajiri kule Mbulu huuma vidole. Sehemu kubwa ya nyanda hizi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwingine hupita 2,000. Katesh nako upepo hushuka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa takriban mita 3,420. Kwa baridi hiyo maji ya moto si anasa. Bibi mwenye maumivu ya viungo anayahitaji kila siku, na mzazi aliyejifungua juzi vilevile.

Shawa ya umeme isiyo na tangi inaahidi kuyaleta papo hapo, bila kuni wala kungoja. Ukiifungua utakuta chumba kidogo cha plastiki chenye koili ya waya, na juu yake kiwambo cha mpira. Maji yakiingia kwa nguvu hukisukuma kiwambo, vipande viwili vya shaba hugusana, na koili huwaka. Maji hukaa na koili hiyo kwa muda mfupi mno, kwa hiyo joto lote lazima lipatikane hapo hapo. Uzuri wake na tabu yake vyote vinaanzia hapa.

Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Tuseme shawa inatoa lita tatu kwa dakika, nawe unataka kuoga maji ya nyuzi 40. Dar es Salaam, ambako maji huweza kuingia yakiwa na nyuzi 27, kilowati 2.7 zinatosha. Mbulu, yakiingia na nyuzi 16, unahitaji kilowati 5. Kifaa ni kilekile, ila baridi imekaribia kuuongeza mzigo wake maradufu. Kwa volti 230, kilowati 5 ni ampea 22 hivi, na hizo zinataka waya mnene wa peke yake kutoka kwenye sakiti breka hadi bafuni. Kuunganisha shawa kwenye waya wa taa au wa soketi ya kawaida ni kuitafutia nyumba moto. Na kwa nyumba ya kijijini inayotumia kile kifaa cha UMETA (Umeme Tayari) badala ya kutandaziwa waya, mjadala unaishia hapo: hakikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hii.

Halafu kuna laini yenyewe. Wanaokaa mbali na transfoma wanajua taa inavyofifia mashine ya kusaga inapowashwa. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, yaani volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, ile shawa ya kilowati 5 inabaki na kilowati 3 tu. Maji ya nyuzi 16 yatatoka na nyuzi 31, na mwogaji atatetemeka huku mita ya LUKU ikisoma. Utapunguza maji ili yapate moto, lakini ukipunguza mno kiwambo hakinyanyuki na koili inazimika. Nyumba inayotegemea simtank hukutana na tabu hiyo mapema, kwa sababu kila mita moja ya kimo cha maji huleta sehemu moja tu ya kumi ya presha ya ba moja.

Hita ya tangi ni mvumilivu zaidi. Tangi la lita 50 lenye kilowati 1.5 huvuta ampea zisizofika saba, na kwa saa moja na dakika 40 hivi maji hutoka nyuzi 16 hadi 60. Laini dhaifu inalimudu, hata kama itachukua muda mrefu zaidi. Kasoro yake ni kwamba hupoteza joto mchana kutwa hata kama hakuna anayeoga, na upotevu huo unaweza kufika uniti moja kwa siku. Kwa mtu anayeishi peke yake, shawa isiyo na tangi inashinda wazi kwa upande wa matumizi.

Kwa familia, tupige hesabu ya LUKU. Kuoga dakika nane kwa kilowati 5 ni theluthi mbili za uniti. Watu watano wakioga kila siku, mwezi unamaliza uniti 100. Daraja la matumizi madogo la TANESCO lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na ukiuvuka bei inapanda zaidi ya mara tatu. Yaani shawa peke yake inaweza kuitoa familia kwenye unafuu huo kabla hata taa haijawashwa. Watu walewale wakioga kwa kopo, kila mmoja na lita kumi za maji ya moto yaliyochemshwa kwa umeme na kuchanganywa na ya baridi, wanatumia uniti 42 tu. Ndoo na kopo tunavidharau bila sababu. Dakika nane za shawa zinamwaga lita 24.

Nayasema haya nikijua kinachoshindanishwa na shawa. Kwenye mafiga matatu, ndoo hiyo ya lita kumi hula karibu nusu kilo ya kuni kavu, maana sehemu kubwa ya joto hupotelea hewani. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, lakini ndoo ya kuogea inakaa kwenye mafiga yaleyale ya ugali. Tusipoihesabu, kuni zitaendelea kubebwa kichwani, na msitu wa Nou wa nyanda hizi utaendelea kukatwa.

Kuna jambo moja nisilolikubalia mjadala. Katika shawa nyingi za bei nafuu koili iko uchi ndani ya maji, na maji ya visima yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji ya mvua. Chokaa pia huganda juu ya koili hadi iungue. Fundi akikata waya wa ethi kwa madai kwamba shawa inafanya kazi bila huo, mrudishe. Ethi rodi izame hadi kwenye udongo wenye unyevu, na uwepo mtambo unaokata umeme ukivuja miliampea 30.

Mwenye nyumba ya wageni pale Katesh ndiye ningemsihi zaidi. Wapanda mlima hushuka jioni, wamechoka, wote wanataka kuoga saa ileile. Shawa tano zikifunguliwa pamoja zinadai ampea 110, na waya mmoja wa kawaida kutoka kwenye nguzo haubebi mzigo huo. Kwa nyumba ya namna hiyo, tangi la sola juu ya bati linalokusanya joto tangu asubuhi ndilo la kufikiria kwanza, na umeme ubaki wa siku za mawingu.