Fahamu: Kibali cha kupiga filamu Musoma, Bunda na Butiama

Kamera ndogo haikuondolei wajibu wa kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka mtayarishaji apate kibali kabla ya kupiga picha, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu Tanzania.

Unaanzia wapi?

Andaa muswada na maelezo ya mahali utakapopigia. Muone pia afisa utamaduni wa halmashauri.

Mwenye eneo

Hapa ndipo wengi hukwama. Kibali cha Bodi hakikufungulii kila mlango. Kwenye mwalo wa Mwigobero, Musoma, samaki wanashushwa na bei zinapigwa. Bila kuafikiana na wasimamizi wa mwalo, tukio lako litakatizwa na mtu anayeuliza analipwa nani. Butiama, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na kaburi la Mwalimu huko Mwitongo lina familia ya kuombwa ruhusa. Ukitoka Bunda kuingia Serengeti, utaomba TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, na ada zake huuma bajeti ndogo kuliko kitu kingine chochote.

Droni?

Hiyo ni ruhusa nyingine, ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.