Maiti Husitiriwa, Haisambazwi

Lugha ya Kiswahili humwita aliyefariki marehemu, yaani aliyerehemiwa. Aidha, kumzika husemwa kuwa ni kumsitiri. Maneno haya mawili yatosha kutufunza kwamba aliyefariki hajapoteza heshima yake. Kilichomtoka ni uwezo wa kuitetea tu. Jukumu hilo limewaangukia walio hai.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba itokeapo ajali mbaya au shambulio, picha za maiti huenea katika mitandao ya intaneti hata kabla ya jamaa kupashwa habari. Yamkini mama akapata kujua kuwa mwanawe ameaga dunia kwa kumwona katika simu ya jirani. Huko ni kutonesha jeraha bichi.

Magaidi walipoivamia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi mnamo Januari 15, 2019, na watu 21 kuuawa, gazeti la New York Times lilichapisha kwenye intaneti picha ya maiti zilizokuwa mkahawani. Wakenya walighadhibika, na walikuwa na haki ya kughadhibika. Walakini, ni wangapi miongoni mwao ambao hawajawahi kuwatumia wenzao picha kama hizo? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wapo watakaonena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba ukatili usipoonekana hautakomeshwa. Hoja hii ina uzito. Picha yaweza kuwa ushahidi, na ushahidi una mahali pake: kwa wapelelezi na mahakamani. Maradhi yanayopaswa kufichuliwa ni ukatili wenyewe wala si uso wa aliyeuawa.

Isitoshe, tunao mfano bora wa kuiga. Baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015, Wakenya wengi walisambaza majina ya wanafunzi waliouawa pamoja na picha walizopigwa wakiwa hai, ili wasibaki kuwa idadi tu. Picha hizo ziligusa nyoyo pasipo kumvunjia yeyote heshima.

Kwa hivyo, ewe msomaji, uletewapo picha ya maiti, jiulize: lau huyu angekuwa ndugu yangu, ningemwanika? Ikiwa jibu ni la, ifute papo hapo. Kufuta nako ni kusitiri.