Ridhaa, Kulipwa na Zana za Kutungia Michezo ya Kompyuta

Mwalimu mmoja wa Butimba, Mwanza, anayewafasiria wanafunzi wake maandishi ya kompyuta, ametuuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa hadharani. Watungaji wa michezo ichezwayo kwa mashine za kuunganishwa na televisheni wana zana za aina mbili: za mtu atungaye kwa kupenda tu, na za makampuni. Je, aziite "zana za ridhaa" na "zana za kulipwa", kama tusemavyo ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa?

Kabla ya kuchagua neno, sharti dhana yenyewe ifahamike. Mfano mzuri ni Net Yaroze, mashine nyeusi ya PlayStation ambayo kampuni ya Sony iliwauzia watu wa kawaida kuanzia mwaka 1996 nchini Japani, na mwaka 1997 katika Ulaya na Marekani, kwa dola 750 hivi. Mnunuzi aliandika programu kwa lugha ya C katika kompyuta ya nyumbani, akaipeleka kwenye mashine kwa waya. Kumbukumbu kuu ilikuwa megabaiti 2 tu, na mchezo wote ulipaswa kuenea humo. Zana za makampuni zilikuwa na megabaiti 8, ziligharimu maelfu ya dola, na kazi yake iliishia katika diski za kuuzwa madukani.

Je, tofauti ni utaalamu? Hasha. Mchezo wa Devil Dice, uliouzwa madukani mwaka 1998, chimbuko lake ni Net Yaroze. Kwa hiyo "zana za kitaalamu" ni tafsiri ipotoshayo: humshusha mtu kwa sababu ya chombo chake.

"Za kulipwa" nalo halifai. Bondia hulipwa, zana hulipiwa, na Net Yaroze pia ililipiwa. "Ridhaa" ndilo lenye hatari zaidi. Katika ngumi ni ridhaa ya mchezaji. Hapa msomaji atauliza, ridhaa ya nani? Maana kilichokosekana ni idhini ya kampuni ya kuuza mchezo. "Uraibu", litumikalo Kenya kwa jambo la kupitishia wakati, kwa Mtanzania huleta fikra za ulevi.

Jibu twaweza kulipata ufukweni. Mvuvi wa kitoweo na mvuvi wa biashara huweza kutumia ndoana ile ile na kuwa na ujuzi ule ule. Hutofautishwa na mahali samaki aendako: mmoja jikoni, mwingine sokoni au kiwandani.

Kwa msingi huo twapendekeza "zana za hiari" na "zana za kibiashara". Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika sentensi kamili, kisha watuletee maoni yao. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.